Mkuyu Ulioshtakiwa Kanisani

Wengi waliorudi Mwanza kutoka mbali miaka ile ya tisini walirudi na redio kaseti na makoti mazito. Mimi nilirudi na injini ya dizeli ya silinda tatu, mpya, ndani ya sanduku la mbao, na diploma ya unahodha ndani ya bahasha ya nailoni. Injini ilisafiri kwa behewa la mizigo kutoka Dar es Salaam, na diploma ilisafiri kifuani kwangu, chini ya shati. Treni ilipoingia stesheni nilishuka nimevaa viatu vya ngozi vilivyong'aa, na sikuona sababu ya kujifanya mnyonge.

Sikusomeshwa na mtu. Nilitoka kijijini kwetu, ng'ambo ya Kigongo, nikiwa na cheti cha darasa la saba na shati la kubadili. Katika meli za watu nilifagia sitaha, nikapika maharage, nikavuta kamba mpaka viganja vikawa kama magome. Wenzangu walipokuwa wakilala au kucheza karata, mimi nilikuwa na kitabu cha hesabu za nyota. Nikaenda chuo kwa fedha yangu, nikafanya mtihani pamoja na vijana waliotumwa na wazazi wao, nikawashinda. Halafu serikali ikafungua milango. Mtu binafsi akaruhusiwa kuweka chombo chake cha abiria na mizigo ziwani bila kuomba ruhusa ya ushirika wowote. Nikajua zamu yangu imefika.

Mafundi wa ufukweni Mwanza waliniundia mashua ya futi arobaini, mbao nzito, mbavu zilizokaa sawa. Kilichobaki ni mshika usukani. Nahodha nilikuwa mimi, lakini kwa ufuko wa kwetu, wenye mawe mengi juu ya maji na mengi zaidi chini yake, hakuna aliyemzidi baba yangu. Nikaenda kumchukua.

Nilifika Jumapili asubuhi. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, amevaa shati lake la kanisani, viatu vimepakwa rangi, na kengele ilikuwa imeshalia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Karibu. Umenenepa."

"Kengele imelia."

"Nimeisikia. Mimi si kiziwi."

"Sasa mbona umekaa?"

Alitazama viatu vyake. "Nimetengwa," akasema. "Huu mwezi wa nne."

Msomaji asiyetoka kwetu nimweleze. Mtu aliyetengwa na kanisa halali jela wala hafukuzwi kijijini. Anaishi kama kawaida, ila hashiriki meza ya Bwana, hasimami kusoma neno, na akifa hakuna mchungaji anayemzika wala kwaya inayomwimbia. Baba alikuwa amevusha mawe ya msingi wa kanisa lile kwa mtumbwi, jiwe kwa jiwe, mimi nikiwa bado nanyonya. Na kila Jumapili ya miezi hiyo minne alikuwa akivaa, akipaka viatu rangi, akikaa kwenye kigoda kusikiliza nyimbo kwa mbali.

Kosa lake lilikuwa mkuyu.

Mbele ya kijiji chetu kuna miamba iliyozama, imejipanga kama meno, na kati yake upo mlango mmoja tu ambao chombo chenye uzito kinaweza kupita. Huuoni kwa macho. Unaupata kwa alama mbili. Alama ya kwanza ni jiwe karibu na ufuko, lililogeuzwa jeupe na mavi ya ndege. Ya pili ni mkuyu mkubwa juu ya kilima, nyuma yake. Shina la mkuyu likikaa sawasawa juu ya jiwe jeupe, uko mlangoni. Likihama kulia au kushoto, uko juu ya mwamba. Vilima vya kwetu vyote ni mawe yanayofanana, na bila ule mti hata baba angekuwa mgeni.

Lakini kupata mlango ni nusu ya kazi. Katikati ya mlango kina kinapungua, na chombo kikipita kwa kasi sehemu yake ya nyuma inadidimia na propela inagonga. Lazima upunguze moto, yaani nguvu ya injini. Sasa, mtu wa mashine yuko chini, karibu na injini inayonguruma, ana pamba masikioni. Humwiti akasikia. Kwa hiyo tangu injini za kwanza zilipofika kwetu, washika usukani waliwekeana naye ishara ambazo watu wa nchi kavu hawakuzijua. Mkono mmoja juu maana yake ongeza. Mikono miwili imeunganishwa juu ya kichwa maana yake punguza.

Mchungaji mpya alikuwa mtu wa ng'ombe, wa kule Shinyanga. Ziwa alilijua kwa kulinywa. Alisafiri na baba mara tatu katika mashua ya watu wengine, na mara zote tatu, mahali pale pale, alimwona mzee ameukazia macho mkuyu, anainua mikono na kuiunganisha juu ya kichwa. Siku nyingine akapanda kilimani, na chini ya mkuyu ule ule akakuta maganda ya mayai, shanga na manyoya ya kuku mweupe. Akajumlisha. Mimi, ingawa nilimkasirikia sana, siwezi kusema alijumlisha vibaya kwa hesabu aliyokuwa nayo.

Akaitisha baraza la wazee wa kanisa. Baba ni mtu anayejibu alichoulizwa na kunyamaza. Walimwuliza kama ni kweli anautazama mkuyu kila apitapo. Akasema ni kweli. Wakamwuliza amefundishwa na nani. Akasema, "Baba yangu aliutazama, na babu yangu aliutazama." Katibu wa baraza, mwalimu mstaafu mwenye mwandiko mzuri, akaandika kwamba mshtakiwa amekiri kufuata miungu ya babu zake. Kuhusu mikono, hakuna aliyemwuliza alikuwa akimwinulia nani. Waliona wanajua.

Hukumu ilikuwa hivi: Jumapili ya mavuno, mbele ya waumini wote, baba aukate mkuyu kwa shoka kwa mikono yake mwenyewe. Akimaliza, atapokewa tena kundini saa hiyo hiyo.

"Na utaukata?" nikamwuliza.

Alisikiliza wimbo uliokuwa ukiimbwa kanisani mpaka ukaisha.

"Nikiukata, watu watapitaje mlangoni? Nisipoukata, nani atanizika?"

Mavuno yalikuwa yamebaki wiki tatu.

Nikamwambia asihangaike, mimi nimerudi. Nilisema hivyo hivyo, na nilimaanisha. Jumatano nikaenda mbele ya baraza na vitu vyangu vyote: ramani ya ziwa iliyochapwa rangi, dira, rula ya kupimia, na diploma. Nikatandaza ramani juu ya meza yao, nikaanza kuwafundisha jinsi mabaharia wa dunia nzima wanavyotumia alama mbili kupata mstari mmoja. Nilifundisha vizuri. Hata leo nikikumbuka maelezo yale naona yalistahili darasa kubwa zaidi.

Katibu aliishika diploma kwa ncha za vidole, akaisoma mbele na nyuma.

"Hii imetolewa na kanisa gani?"

"Ni ya chuo, mwalimu."

"Ahaa. Basi uwapelekee chuo." Wazee wakacheka, mmoja akakohoa kwa kucheka.

Mchungaji hakucheka. Alikuwa ameinama juu ya ramani, anatafuta kwa kidole. "Kijana wangu," akasema, "mimi sibishani na karatasi ya serikali. Nionyeshe tu mkuyu uko wapi hapa."

Nikatazama. Ramani ilionyesha ufuko wetu kama mstari, na mbele yake neno moja: miamba. Mkuyu haukuwapo, wala mlango. Waliochora hawakuwahi kupita kwetu, au walipita mbali wakiogopa.

"Haupo," nikasema.

"Basi hata wataalamu wako hawauhitaji," akasema kwa upole. "Simikeni nguzo mahali pake."

Nguzo. Niliwaambia kwamba kabla sijarudi washika usukani walishasimika mbili. Ya kwanza ilikaa siku nne, nayo ilionekana baadaye ikishikilia paa la jiko la mzee mmoja aliyekuwa amekaa pale pale mezani. Ya pili hatukujua ilipikia nini. Mkuyu ndio pekee ambao hakuna aliyeuiba, kwa sababu haubebeki na kwa sababu watu wanauogopa kidogo. Hilo la mwisho sikupaswa kulisema. Katibu aliliandika.

Nilitoka pale nimekunja ramani vibaya. Baba aliponiona alinipa maji ya kunawa, tukala ugali na sato, na alipomaliza akasema, "Uliwaeleza kwa mdomo?"

"Kwa mdomo na kwa ramani."

"Mimi nilikufundisha kupiga kasia kwa mdomo?"

Hapo ndipo nilipoamka. Sikuwahi kujifunza kitu chochote cha majini kwa kuelezwa. Nilijifunza kwa kushika. Niliwapelekea wazee wale maneno, na maneno wanayo mengi kuliko mimi.

Bahati yangu, na mtu aliyejitengenezea maisha hujua bahati inapopita, ilikuwa mabati. Kanisa lilikuwa limepata mabati mapya yanayotakiwa yafike kabla ya mavuno, yalikuwa yamelundikwa Mwanza, na chombo kilichoweza kuyabeba yote kwa safari moja kilikuwa changu. Nikamwendea mchungaji peke yake, nikamkuta anapalilia mihogo.

"Mabati nitayabeba," nikamwambia. "Sitaki malipo. Nataka wewe mwenyewe uje nayo, na tukifika mlangoni ushike usukani."

"Mimi? Sijawahi kushika hata baiskeli ikakubali."

"Ndiyo sababu. Ukitupitisha bila kuutazama mkuyu, baba atauangusha siku hiyo hiyo, hatangoja mavuno."

Aliegemea jembe. "Baba yako amekubali?"

"Amekubali."

Hakuwa amekubali, kwa sababu sikuwa nimemwambia. Nilipomwambia jioni ile alitafuna kwanza akameza.

"Umenitolea ahadi mimi."

"Ndiyo, baba."

"Una bahati najua kuogelea," akasema.

Tukasafiri Jumamosi, siku moja kabla ya mavuno. Mabati yalilala katikati ya mashua, yamefungwa kwa kamba, yanatoa mwanga wa kuumiza macho. Mtu wa mashine, Mjita mfupi aliyeipenda ile injini kuliko nilivyoipenda mimi, alikuwa shimoni mwake na pamba zake. Baba alikaa mbele kabisa, na tulipokaribia kwetu alijigeuza, akaupa ufuko mgongo, akakunja mikono kifuani. Alitaka iwe wazi kwamba hatii mkono wake katika jambo hili. Ufukweni kijiji kizima kilikuwa kimejipanga kupokea mabati, kwaya mbele na sare zao, katibu pembeni yao na mwavuli. Wimbo wao ulitufikia ukipepesuka na upepo.

Nikamkabidhi mchungaji usukani. Alikuwa amevaa koti jeusi na kola yake nyeupe, na akaushika ule mti wa usukani kama mtu anayemshika ng'ombe pembe, jambo ambalo kwa kweli si baya.

"Pita unapoona sawa," nikamwambia.

Alifanya alichotakiwa kufanya mtu wa kazi yake. Alilenga kanisa. Msalaba wa juu ya paa ulionekana vizuri, akautia macho, akaenda nao moja kwa moja. Nilisimama pembeni nikishusha kamba yangu ya kupimia kina, yenye kipande cha risasi nchani, nikimsomea kina kwa sauti, kila pima ni futi sita.

"Pima nne. Pima tatu. Pima tatu kasoro. Mbili."

Kwenye pima moja na nusu niliruka hadi shimoni nikamgusa mtu wa mashine begani, akarudisha injini nyuma. Mashua ikatikisika, ikasimama. Mchungaji akachungulia. Maji yalikuwa safi siku ile, na chini ya sakafu ya mashua yangu, karibu kiasi cha kuweza kuugusa kwa kasia, ulilala mwamba wa rangi ya kahawia, mpana kama mgongo wa kiboko.

Jasho lilikuwa limelowesha kola.

"Huu nao uko kwenye ramani yako?" akauliza.

"Umeandikwa miamba."

Tukarudi nyuma mpaka maji yakawa meusi. Wimbo wa ufukweni uliendelea, maana wao waliona tu kwamba tunachelewa. Kisha mchungaji akasema, si kwangu, akasema kwa ule mgongo uliokaa mbele:

"Mzee, niongoze."

Baba hakugeuka. Lakini niliona mabega yake yakishuka, kama mtu aliyetua mzigo. "Unaliona jiwe jeupe?"

"Naliona."

"Weka mkuyu juu yake. Shina, si matawi. Ukihama kulia, peleka mashua kushoto. Ukihama kushoto, peleka kulia. Usitazame kitu kingine, hata kanisa."

Mchungaji akautazama mkuyu. Aliutazama kama sijawahi kuona mtu akiutazama mti, macho yametoka, midomo imebana. Shina lilihama, akapeleka mashua upande wa pili. Likarudi juu ya jiwe. Nikashusha kamba: pima tano, pima tano, pima tano. Miamba ilipita kulia na kushoto, vivuli vya kahawia majini, na sisi katikati kama uzi ndani ya sindano. Sikuwahi kuona mwanafunzi wa siku moja akishika mstari vile, na niliona wengi.

"Sasa kina kinapungua," nikasema. "Punguza moto."

"Punguza moto," mchungaji akaita. Injini ikanguruma vile vile. Akaita tena, kwa sauti ya mahubiri.

"Hakusikii," nikasema. "Ana pamba."

"Sasa nifanyeje?"

Baba, mgongo bado kwetu: "Mwonyeshe mikono. Juu ya kichwa. Iunganishe, la sivyo atadhani unasalimia wageni."

Mchungaji akaubana usukani kati ya magoti. Macho hakuyatoa kwenye mkuyu, maana aliogopa. Akainua mikono yote miwili juu, akaiunganisha.

Ufukweni wimbo ukakatika katikati ya neno.

Injini ikashusha sauti yake. Mashua ikatulia, ikapita juu ya ule upungufu wa maji kimya kimya, na mbele yetu kijiji kizima kilimwona mchungaji wake katika koti jeusi, ameukazia macho mkuyu, mikono juu ya kichwa. Hata mwavuli wa katibu ulikuwa umeteremka ubavuni. Nami nilisimama kwenye chombo changu mwenyewe, nikiwa na kamba ya risasi mkononi, na nakiri kwamba nilijisikia vizuri kuliko siku niliyopokea diploma.

Tulipogusa mchanga, katibu alikuja hadi maji yakamfika viatuni.

"Mchungaji, tumekuona."

"Mmeniona nini, mwalimu?"

"Ukiinua mikono." Akashusha sauti. "Kwa mkuyu."

"Nilikuwa naongea na yule," mchungaji akasema, akaonyesha kidole.

Wakati huo huo mtu wa mashine alikuwa akitoka shimoni, mweusi kwa mafuta, akichomoa pamba masikioni moja baada ya nyingine. Akaona watu wote wanamtazama.

"Nani kaniita?" akauliza.

Walianza kwaya, wakafuata akina mama, na kicheko kikapanda ufuko wote hadi kwa wale waliokuwa wamekaa juu ya mawe. Katibu alijikaza kwa muda, kisha mwavuli ukaanza kutikisika.

Mchungaji hakungoja kicheko kiishe ili atafute pa kujificha. Alipanda juu ya mabati, akasema mbele ya wote kwamba alimhukumu mzee kwa jambo ambalo hakulijua, na kwamba leo jambo lile limemwokoa yeye pamoja na paa la kanisa. "Mayai yaliyo chini ya mti ni kazi yangu," akasema, "nitayahubiria, na walioyaweka wajiandae. Mti ni kazi ya washika usukani." Kisha akanigeukia. "Ile ramani yako, nahodha. Uchore mkuyu."

Niliuchora jioni ile kwa wino mweusi, pamoja na jiwe na mstari wa mlango, kwa rula. Ramani ile ipo hadi leo, ndani ya fremu, ukutani mwa nyumba niliyojijengea Pasiansi, kule Mwanza, na diploma iko chini yake kidogo. Wageni husoma diploma kwanza. Mimi huwaonyesha mkuyu.

Shoka lililoandaliwa kwa ajili ya baba lilitumika Jumapili asubuhi kupasua kuni za pilau la mavuno. Baba alivaa shati lake, akapaka viatu rangi, na kengele ilipolia aliinuka kwenye kigoda. Alitembea mbele yangu njia nzima. Ndani aliitwa jina lake, akapiga magoti mbele, mchungaji akamwekea mikono kichwani na kusoma maneno ya kumpokea. Baba alishiriki meza ya Bwana kwa mara ya kwanza baada ya miezi minne. Aliporudi kukaa karibu nami, macho yake yalikuwa na maji, na alikuwa amekunja midomo ili asionekane.

Mwishoni tulisimama kupokea baraka. Mchungaji akainua mikono yote miwili juu, na bila kujua, kwa mazoea ya siku moja tu, akaiunganisha juu ya kichwa.

Baba aliinama kidogo upande wangu.

"Punguza moto," akanong'ona.